ANIME IKIIGIZWA NA WATU, MWENYE HADITHI ASIACHWE NJE

Wadau, mimi nikisikia tu anime inaigizwa na watu halisi, roho inadunda. Dragonball Evolution ya 2009 ilituumiza: Goku wetu kafanywa mwanafunzi wa Marekani! Cowboy Bebop ikaja Netflix Novemba 2021, wiki 3 tu ikakatwa.

Lakini One Piece ya 2023, iliyopigwa Cape Town, kaka yangu anayenichekaga eti mtu mzima naangalia katuni, kamaliza vipindi vyote 8, halafu akaniomba ile ya kuchorwa. Sasa hivi tunaongea kila siku.

Siri ni nini? Eiichiro Oda, mwenye hadithi, Netflix walimkubalia haitoki mpaka aridhike. Hela inanunua mavazi na mameli, ila roho ya hadithi anayo aliyeitunga. Au nasema uongo?