Kuku wa Maragoli na Mpaka Usioonekana

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mpenzi msomaji, ukitaka kuona maana ya methali hiyo kwa macho yako, abiri matatu mjini Kisumu ushike njia ya Kakamega. Ukishapita Kiboswa utaanza kuyaona mawe makubwa ya Maragoli yakiwa yamekaa vilimani. Shuka Majengo, Mbale au Chavakali, kisha uingie vijijini kwa miguu.

Kitakachokushangaza kwanza ni udogo wa mashamba. Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Vihiga ilikuwa na watu 590,013, yaani zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita mraba. Boma limepakana na boma, na mboga za huyu ziko hatua chache tu kutoka kwa mlango wa yule. Kuku akivuka na kuifukua miche ya kunde ya jirani, maneno huweza kufika hadi kwa mzee wa kijiji. Lakini nani atakaa bila kuku? Huku Uluhyani, mgeni wa heshima asiyechinjiwa kuku huhesabu kwamba hakukaribishwa.

Basi watu hawa huishije kwa amani? Usitafute seng'enge. Kuku hajui mpaka wa shamba. Anachojua ni mazoea, na mazoea hufundishwa.

Somo la kwanza ni hiyo kamba. Kuku aliyenunuliwa sokoni hufungwa mguu karibu na nyumba, akapewa maji na chakula palepale. Wewe uliye na kibanda unaweza kumfungia ndani wiki moja au mbili, mpaka ajue kwamba hapo ndipo pa kulala. Kisha mfungulie jioni, yapata saa kumi na moja unusu. Giza likikaribia atarudi mwenyewe. Kila siku mfungulie mapema kidogo kuliko jana.

Somo la pili ni chakula kwa saa maalum. Gonga bati au mwite kwa sauti ileile kila unapomwaga mahindi, na usimwage popote ila kwenye sehemu yake. Baada ya siku chache atakuja mbio hata akiwa mbali. Vijijini, watoto humega kichuguu wakawaletea vifaranga mchwa, na vifaranga hawaoni haja ya kuhemea kwingine. Walio wadogo sana hufunikwa kwa tenga ili mwewe asiwanyakue.

Somo la tatu husahauliwa na wengi. Kuku hutoroka akitafuta kitu: kivuli, mahali pakavu pa kuoga mavumbi, au kiota cha siri cha kutagia. Mpe vyote hivyo upande wake, naye hatakuwa na sababu ya kwenda kwa jirani. Akizidi kuruka ua, mkate manyoya marefu ya bawa moja tu, ili akose mizani anaporuka. Usiguse manyoya machanga ambayo bado yana damu, na ukumbuke kwamba yaliyokatwa huota tena baada ya kuku kunyonyoka.

Hata hivyo, kuku hawezi kuona udongo uliolimwa upya akaupita. Miche ikiwa michanga, izungushie matawi ya miiba au wavu hadi ikomae.

Nawe unayeishi mtaani Nairobi au Nakuru, penye uga usiozidi upana wa gari mbili, masomo ni yaleyale. Uliza kwanza kanuni za kaunti na za mwenye nyumba, na uanze na kuku watatu au wanne. Mayai ya kwanza yakipatikana, mpelekee jirani mawili matatu. Siku kuku wako atakapopotea njia, huyo jirani atamrudisha badala ya kumrushia jiwe.