Kitangiri: Watoto watazame, wasioge

Kutoka Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, familia inayokwenda Ziwa Kitangiri huteremka kutoka nyanda za juu hadi bondeni. Mto Wembere huleta maji, Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi. Ni ziwa la wavuvi kuliko la watalii. Perege wake wanatosha kuwa sababu ya safari.

Njiani watoto wasimuliwe habari za Sekenke, humo humo Iramba: dhahabu yake ndiyo Wajerumani waliyotengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana.

Kuogelea je? Hapana. Kichocho hutokana na konokono wa maji baridi, na vimelea vyake hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Maji ya kunawa yatoke nyumbani, kwenye dumu.