Chumba Kimoja, Familia Mbili

Nianze na aibu yangu mwenyewe, manake mkiisikia kwa mwengine mtaongezewa chumvi. Disemba mwaka juzi, kama saa nne usiku, familia mbili zilijikuta mbele ya mlango mmoja hapa Diani, kila moja na simu mkononi, kila moja imethibitishiwa chumba namba nne. Ya kwanza ilikuwa imeshaingia na kuoga. Ya pili ilitoka Nairobi kwa treni ya mchana, ikashuka Miritini, ikavuka feri Likoni, watoto wamelala mabegani. Na programu iliyowathibitishia wote niliiandika mimi.

"Kijana, meseji hii si yenu?" yule baba akaniuliza.

Ilikuwa yetu.

Nyumba ni ya shangazi yangu, vyumba sita. Miaka yote aliandika wageni kwenye daftari la jalada gumu, na hajawahi kuuza chumba kimoja mara mbili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi Ukunda, na nilikuwa na hamu ya kuonyesha watu kuwa akili sikuiacha huko. Nikamjengea shangazi mfumo. Tena nikaweka seva mbili, moja ikizimika nyengine ishike kazi. Vyumba sita, seva mbili! Ukweli ni kwamba nilitaka video ya kujisifu. Niliirekodi, na wengi wenu mliitazama.

Databesi ilikuwa moja, sasa shida ilitoka wapi? Kwanza, kila seva niliiwekea kashe, yaani nakala ya majibu inayokaa karibu ili isikimbilie databesi kila mara. Seva ya kwanza ikiuza chumba inafuta nakala yake yenyewe. Ya pili haina habari, inaendelea kuwaambia watu chumba kipo. Lakini kosa kubwa lilikuwa jengine, na lingenipata hata bila kashe. Programu yangu iliuliza kwanza, "Kiko wazi?" Ikijibiwa ndiyo, ndipo inaandika. Kati ya kuuliza na kuandika kuna upenyo, sehemu ndogo tu ya sekunde. Seva nyengine ikiuliza ndani ya upenyo huo, nayo inajibiwa ndiyo, na zote mbili zinaandika. Mwezi wa tano hutauona upenyo huo. Disemba, Nairobi nzima inapotaka bahari, utauona.

Mama muuza duka hapa Ukunda angenifundisha hili bure. Ukimwonyesha meseji ya M-Pesa kwenye simu yako, hakupi unga. Anaangalia salio lake yeye, manake meseji feki zimeshamla. Meseji ni nakala ya habari, pesa iko kwingine. Hadi 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, kwa hivyo mtu akituma mia mbili kutoka Msambweni kwenda Lunga Lunga, hesabu ilikuwa inapigwa Ulaya. Umbali haukutusumbua, bora kuwe na mahali pamoja panapoamua pesa ni ya nani.

Dawa yangu ilikuwa fupi kuliko ile video. Jedwali jipya, kila chumba kwa kila usiku ni mstari mmoja, na databesi yenyewe imekatazwa kupokea chumba na tarehe ileile mara mbili. Mgeni wa siku tatu ni mistari mitatu ndani ya muamala mmoja: yote inaingia, au hauingii hata mmoja. Seva zikija mbili kwa pamoja, ya nyuma inakataliwa, na mgeni anaambiwa samahani akiwa bado kwenye kochi lake Nairobi. Kashe niliibakisha kwa picha tu. Picha ya kitanda ikichelewa dakika kumi hailazi mtu nje.

Kazi hii ya miamala ina wazee wake. Mmoja ni Mmarekani Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing ya 1998. Januari 2007 alitoka San Francisco na mashua yake, peke yake, hakuonekana tena. Kwa sisi watu wa pwani habari kama hiyo haipiti sikioni hivi hivi.

Seva ya pili niliizima. Watu wa koding mtanipigia kelele, pigeni.

Usiku ule shangazi aliwapa wageni chumba chake mwenyewe, akalala sebuleni kwenye mkeka, na pesa zao akawarudishia zote. Mimi hakunisema neno. Asubuhi nikamkuta amelitoa daftari kabatini.

Na hapo ndipo tulipo hadi leo. Mgeni akipita njia bila kupiga simu, shangazi anamwandika daftarini, nami niko Gazi narekodi, mfumo haujui kitu. Kwa hivyo nina databesi mbili, moja ya karatasi. Tulikubaliana ufunguo usitoke mpaka simu iseme ndiyo. Akakubali, ila mtandao ukipotea daftari ndilo liamue.

"Sasa shangazi, mtandao ukipotea hapa, wa Nairobi bado si anaweza kununua?"

"Basi huyo wa Nairobi mwambie wewe, mwanangu. Mimi mgeni wangu yuko mlangoni."

Nimependekeza chumba namba sita kisiuzwe mtandaoni kabisa, kiwe cha daftari peke yake. Anataka na namba tano.