Hekalu Alilojengewa Mama

Wapo wana waliowajengea mama zao nyumba. Mfalme mmoja wa Siamu, nchi ambayo leo ni Thailand, alimjengea mama yake hekalu. Akina mama wapendwa, hekalu hilo la Kibudha, Wat Chaiwatthanaram, bado lipo Ayutthaya, na linastahili kutembelewa.

Ayutthaya ni mji mkongwe, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Bangkok, na treni hufika. Ulianzishwa mwaka 1350, ukawa makao ya wafalme kwa miaka zaidi ya 400. Mwaka 1767 jeshi la Burma liliuteka na kuuchoma moto. Tangu mwaka 1991 magofu yake yamo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Hekalu letu liko ng'ambo ya mto Chao Phraya, upande wa magharibi. Mfalme Prasat Thong alianza kulijenga mwaka 1630, mahali panaposemekana aliwahi kuishi mama yake. Katikati umesimama mnara wa matofali wa meta 35 hivi, umezungukwa na minara midogo. Kandokando zimeketi safu za sanamu za Buddha, nyingi hazina vichwa. Mwaka 2011 mafuriko makubwa yaliingia humo, lakini minara haikuanguka.

Je, Mkristo ana shughuli gani mahali kama hapo? Kuheshimu si kuabudu. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, na watoto wakatazwe kupanda juu ya sanamu. Katika hekalu jingine mjini humo, Wat Mahathat, kichwa cha sanamu kimekumbatiwa na mizizi ya mti. Anayetaka kupigwa picha hapo huchuchumaa, kichwa chake kisizidi kile cha Buddha. Aprili joto ni kali mno. Nikiwa muuguzi nawasihi: chukueni kofia na maji ya kutosha, hasa mkiwa na watoto.

Nilipokuwa nikitazama minara ile, niliwakumbuka akina mama wazee wa wodini. Kila mlango unapofunguliwa wanainua kichwa, wakidhani ni mwanao. Wengine hawaletewi hata uji. Siku ya mazishi ndipo magari yanapofuatana, jeneza ni la gharama, na kaburi linawekwa vigae. Marehemu haoni hata kimoja.

Sisi hatuna matofali ya kifalme, wala mama hayahitaji. Anahitaji kuogeshwa kwa upole, kukatwa kucha, na mtu wa kuketi naye akisimulia hadithi ile ile kwa mara ya kumi. Kama mama yako, au mama mkwe, angali hai, mwendee wiki hii. Nenda na watoto wako wakuone unavyomtunza, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.