Kisiwa Kilichojengwa na Mto

Visiwa vingi tuvijuavyo vimesimama juu ya mwamba au matumbawe. Kisiwa cha Chongming, kwenye mlango wa mto Yangtze nchini China, ni udongo mtupu ulioletwa na maji.

Yangtze husafiri kiasi cha kilomita 6,300, kutoka nyanda za juu za Tibet hadi baharini karibu na jiji la Shanghai. Njiani huzoa udongo wa milima na mabonde. Ufikapo mlangoni, mto hupanuka na kasi yake hupungua. Maji ya bahari yajaapo huuzuia, nayo chumvi huzishikamanisha chembe za udongo zikazama. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbukumbu za Wachina zaeleza kuwa mnamo mwaka 618 mafungu mawili ya mchanga yalijitokeza juu ya maji, na baadaye watu wakaanza kuhamia.

Lakini mto huo uliotoa ardhi ndio uliokuwa ukiinyang'anya. Kila mkondo ulipobadili njia, ulimega ukingo mmoja na kujaza mwingine. Kwa sababu hiyo makao makuu ya wilaya yalihamishwa mara 5. Mtu aliweza kurithi shamba la babaye, kisha akaliona likiliwa na maji, huku ardhi mpya ikizaliwa upande wa pili.

Tangu miaka ya 1950 wakazi walijenga kuta za kuzuia maji, wakaligeuza tope kuwa mashamba. Eneo la kisiwa, lililokuwa kiasi cha kilomita za mraba 600, likawa zaidi ya mara mbili. Mwaka 2009 njia ya chini ya mto pamoja na daraja vilikiunganisha na Shanghai.

Upande wa mashariki, tope la Dongtan ni kituo cha ndege wahamao kati ya Siberia na Australia. Tope hilo hutegemea udongo wa mto; lakini kutokana na mabwawa mengi, likiwamo lile kubwa la Three Gorges lililoanza kujazwa mwaka 2003, udongo ufikao mlangoni sasa ni chini ya nusu ya ule wa miaka ya 1950.

Kwa karne nyingi watu wa Chongming waliogopa mto usije ukawanyang'anya ardhi. Leo wanalo jambo jingine la kuhofia: mto kukosa cha kuwapa.