Bado Nipo, Alhamdulillahi

Naandika kwa ajili yako unayeumwa na hujui unaumwa nini. Nami nilikuwa huko.

Yalianza na vidole. Asubuhi vilikakamaa, hata birika la chai likanishinda kuinua. Nikapimwa malaria, hamna. Nikatibiwa taifodi, homa ikarudi. Nywele zikapukutika, upele mwekundu ukatanda mashavuni mpaka juu ya pua. Majirani zetu hapa Tanga wakanong'ona kwamba nimerogwa. Mama hakuwajibu. Alinisomea Yasini usiku, asubuhi akanipeleka hospitali.

Nilifika nimevimba miguu mpaka uso. Mkojo una povu. Usiku ule sikuweza kulala chali. Pumzi haishuki. Nikakaa kitako. Nikawataja wanangu mmoja mmoja. Nikatoa shahada. Mume wangu kanishika mkono, hasemi kitu. Nilijua nakufa.

Sikufa.

Vipimo vilionyesha lupasi: kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Kwangu ilishafika kwenye figo. Nikawekewa dawa ya stiroidi kwa dripu, kisha vidonge vya prednisoloni, miligramu 60 kila asubuhi baada ya kula. Uvimbe ukapungua, pumzi ikarudi.

Lakini dawa nayo ina mambo yake. Uso ukawa duara. Usingizi ukapaa. Njaa haikukoma, sukari ikapanda. Shoga zangu wakanipita sokoni wasinitambue. Nikamwambia mama nataka kuiacha. Akasema, "Mwanangu, tumuulize kwanza aliyekupa."

Daktari akatueleza. Ukitumia stiroidi kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala, hazitengenezi tena homoni yake ya kawaida. Ukikata dawa ghafla, presha inaweza kuporomoka, ukazirai, hata ukafa. Dozi hushushwa kidogo kidogo, huku damu na mkojo vikipimwa. Akaniongezea haidroksiklorokwini, dawa iliyoanzia kwenye malaria, na nyingine ya kutuliza kinga. Ndipo tukaanza kuteremka.

Leo niko kwenye miligramu 5. Chumvi nimepunguza. Macho napimwa kila mwaka kwa sababu ya ile haidroksiklorokwini. Jua huiamsha lupasi, kwa hiyo sitoki bila mwavuli. Ramadhani ya dozi kubwa sikufunga, mume wangu akanitolea fidia. Hata sasa, nikiona kifundo cha mguu kimejaa, moyo hunilipuka. Nakibonyeza kwa kidole huku nikisema bismillahi.

Ndugu yangu, homa na maumivu ya viungo yakikurudia na malaria haionekani, rudi hospitali, uombe na mkojo upimwe. Ukipewa stiroidi, usizikate mwenyewe, wala usingoje kidonge cha mwisho ndipo utafute vingine. Nawe unayeuguza, usimwache mgonjwa wako aende kliniki peke yake. Mungu akupeni subira na afya.