Mgeni Akiomba Chumba Kisichokuwepo

Niko field Amani, Muheza, na haipavaiza ninayoiunda juu ya KVM, yaani programu inayokaribisha kompyuta ndani ya kompyuta. Juzi binti wa Kidato cha Tatu alikuwa anachapa insha humo, mara ikazima. Nikawaka: "Umebonyeza nini wewe?"

Usiku, ukungu wa Usambara dirishani, nikapitia programu yangu mstari kwa mstari. Kompyuta mgeni iliomba anwani iliyopita mwisho wa kumbukumbu niliyoipa. Nami nilikuwa nimeagiza, likitokea hilo, kila kitu kifungwe. Mashine halisi za x86 hazifi hivyo: ukisoma pasipo na kitu, kwa kawaida unapata FF, ukiandika, inapotea tu. Nikaiga hivyo, kosa liandikwe kwenye logi, mgeni aendelee.

Asubuhi nikakiri mbele ya darasa kwamba kosa lilikuwa langu. Akauliza, "Na insha yangu, mwalimu?"